Matanga ya Binamu Sidonie

Adelgunde alipofika Altenrode kuolewa, akiwa na miaka kumi na saba na vumbi la siku nne za barabara, bwana harusi hakumwambia pole ya safari wala karibu nyumbani. Alimuuliza kama nyanya wa mama yake alitoka tawi kubwa la ukoo au tawi dogo. Adelgunde, ambaye tumbo lilikuwa linamnguruma, akajibu tawi kubwa. Mwanamfalme Emmerich akafumba macho kwa raha, akampa mkono, wakaenda kanisani. Chakula alikipata saa tano baadaye, tena kimeshapoa.

Mtu asije akadhani bibi harusi alitoka kwenye neema. Kwao Wolmerstein kulikuwa na jina refu na paa linalovuja. Alikuwa mtoto wa kumi na mbili kati ya kumi na wanne, na mabinti wale wa kifalme walinyonyoa bata bukini wenyewe jikoni, na dada mkubwa akivua viatu, mdogo anavivaa vingali na joto. Lakini damu yao ilikuwa safi mpaka kero. Mababu kumi na sita, wote watukufu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza kitu dukani. Emmerich hakutaka kingine. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na nchi ambayo farasi mzuri huivuka kati ya staftahi na chakula cha mchana, na kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi: kwamba huko Vienna kuna watu wanaodhani ukoo wake ni wa juzijuzi.

Ndoa yenyewe, tusemezane ukweli, ilikuwa baridi kuliko ile supu ya harusi. Emmerich hakuwa mkali. Hakumpiga mkewe, hakumtukana, na kwa kweli hakumwona. Akili yake yote ilikuwa kwenye viti: nani akae kiti chenye mikono, nani kisicho na mikono, nani kigoda, na nani asimame mpaka miguu ivimbe. Mwaka wa tatu akaletwa Rosalba, mwimbaji kutoka Venisi, mwenye sauti ya kutetemesha bilauri na kifua cha kuibeba sauti hiyo, akapewa vyumba vinavyotazama bustani. Adelgunde alipouliza, alitumiwa Bwana Stribnitz, mkuu wa itifaki, kuja kumweleza kwamba asiwe na wasiwasi hata kidogo, maana Rosalba atakalia kigoda. Yaani heshima ya mke iko palepale.

Alilia wiki moja. Wiki ya pili mvishaji wake, Walpurga, alimwambia machozi yanaharibu hariri na kwamba bibi yake achague moja, kulia au kuvaa. Walpurga alikuwa binti wa mchinja nguruwe wa pale mjini, mwanamke mnene asiyetoa pini mdomoni hata akisema, na alisema sana. Kwa miaka kumi na tano ndiye mtu pekee kasrini ambaye Adelgunde alizungumza naye bila kwanza kufikiri amekalia kiti gani.

Siri ya matanga aliigundua kwa bahati tu. Mwaka uleule wa Rosalba, siku moja kabla ya opera yake ya kwanza, ikaja barua yenye ukingo mweusi: mjomba wa Adelgunde amefariki. Basi babu yake Emmerich alikuwa ameandika kitabu kizima cha matanga, na Emmerich alikiheshimu kuliko Biblia, kwa kuwa Biblia haimtaji babu yake. Mzazi akifa, miezi sita. Mjomba au shangazi, wiki sita. Binamu wa kwanza, wiki tatu. Binamu wa pili, mbili. Siku hizo hakuna dansi, hakuna karata, hakuna opera, hakuna tarumbeta za kuwinda, wala mkataba wa ndoa hautiwi sahihi. Vioo hufunikwa. Hata mbwa wa Emmerich hufungwa utepe mweusi shingoni. Rosalba alikaa wiki sita na koo lake, akinuna na kula keki, na Adelgunde, ambaye mjomba yule alimwona mara moja tu akiwa na miaka minne, alivaa nyeusi yake akatembea bustanini akisikiliza ukimya mtamu usio na kifani.

Utauliza, mbona mume asikatae? Hapo ndipo penye utamu. Kukataa kumwombolezea ndugu wa mkewe ni kusema kwamba ndugu huyo si wa hadhi yake. Kama ndugu si wa hadhi yake, mke naye vilevile. Na kama mke si wa hadhi yake, watoto hawafai kurithi, na binamu zake wa ng'ambo ya mto, waliokuwa wakiinyemelea Altenrode tangu enzi, wangeingia na mizigo yao siku ileile. Emmerich angekula buti lake kwanza. Na mtu mwenye ndugu kumi na watatu, na mababu waliozaa bila kupumzika, hakosi msiba. Adelgunde alikuwa akikaa na kitabu cha nasaba mapajani jinsi wenzake wanavyokaa na kitambaa cha kutarizi. Rosalba akitangaza opera mpya, basi shangazi wa Adelgunde mahali fulani anakata roho. Baada ya miaka sita ya hali hiyo mwimbaji alipanda gari na mpiga tarumbeta mmoja, akarudi kwao, na akaacha ujumbe kwamba hajawahi kuona familia inayokufa vile.

Mpaka hapo ulikuwa mchezo. Mwaka ambao Ottilie alitimiza miaka kumi na tano, mchezo ukaisha.

Ottilie alikuwa mtoto wao wa pekee wa kike, mwembamba, mwenye mdomo, hodari wa kuiga mwendo wa kila mtu kasrini, pamoja na wa baba yake. Mwezi wa Aprili alikuja kutembea Mtemi Hasso wa Brakendorf, mwenye miaka hamsini na mitatu, jongo la mguu na wake wawili makaburini. Alikaa siku tatu akila na kunusa ugoro. Siku ya nne, mezani, Emmerich akatangaza kwamba Ottilie ataolewa Brakendorf na mkataba utatiwa sahihi mara tu wanasheria watakapomaliza kupanga nani atangulie kupita mlangoni siku hiyo.

Ottilie alimfuata mama yake chumbani, na kwa mara ya kwanza hakumwiga mtu. Alieleza kwamba Mtemi alikuwa amemkuta kwenye ngazi, akamshika kidevu, akamwambia afungue mdomo, akahesabu meno yake. Alipomaliza alisema mazuri. Walpurga alitoa pini zote mdomoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Adelgunde alihisi chuki ikimpanda kutoka miguuni, chuki ambayo kwa Rosalba hakuwahi kuwa nayo hata robo.

Alimwendea mumewe.

"Ana miaka hamsini na mitatu," akasema. "Amezika wake wawili."

"Inaonyesha ni mtu wa kuoa, si wa kuchezea mabinti za watu."

"Emmerich, mtoto ana miaka kumi na tano."

"Wewe ulikuja hapa na kumi na saba, na hujambo."

"Nani alikwambia sijambo?"

Emmerich alimtazama kwa mshangao wa kweli. Akafikiri kidogo, akauliza kama kiti chake cha mezani kina kasoro.

Ilibaki njia moja, na Adelgunde aliijua kwa kuwa ilikuwa kwenye desturi, na desturi alikuwa amezisoma mpaka zikaisha. Kila binti wa ukoo ule, siku anapobatizwa, huandikishwa Lindenzell, kwenye nyumba ya mabinti wa kiungwana. Si utawa: kila binti ana vyumba vyake, vitabu vyake na bustani yake, na akitaka kutoka baadaye kuolewa na amtakaye, anatoka. Kila mwaka, siku ya Malaika Mikaeli, mwisho wa Septemba, gari la Lindenzell huja kumchukua aliyetimiza kumi na tano, mradi hajatiliwa sahihi mkataba wa ndoa. Akishavishwa msalaba wa nyumba ile, baba hana kauli tena. Mwenye kauli ni Mama Mkuu. Jina la Ottilie lilikuwa kitabuni kule. Emmerich hakujisumbua kulifuta, kwani jina hufutwa kwa sababu moja tu, nayo ni damu yenye dosari.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi kusema. Kutoka Aprili mpaka siku ya Mikaeli, mkataba usitiwe sahihi. Adelgunde aliwaandikia ndugu zake wote kumi na watatu, barua ndefu, hakuficha kitu, hata habari ya meno aliitaja. Aliwaomba waje, au waandike kwa Emmerich, au angalau walete pingamizi la kiukoo. Majibu yalikuja moja moja mwezi mzima. Kaka mkubwa alimpongeza kwa mkwe mwenye cheo. Dada mmoja alituma maelezo ya kupika keki ya harusi. Mwingine aliuliza kama Mtemi ana rafiki. Hakuna hata mmoja aliyesema atakuja. Adelgunde alizikunja zote kumi na tatu, akazitia sandukuni, akafungua kitabu cha nasaba.

"Walpurga," akasema, "wazima hawatusaidii. Tuwaombe wafu."

Na wafu, Mungu awape pumziko, walijitahidi. Tarehe kumi na tano Mei, siku tatu kabla ya kutia sahihi, shangazi yake wa Bohemia alizidiwa na uyoga... hapana, uongo huo tulikuwa tukisimuliana mjini. Alizidiwa na kifua tu, lakini alikufa, na hiyo ikawa wiki sita. Mwanzoni mwa Julai akafuata mjomba wa kando ya Rhine, wiki sita nyingine. Katikati ya Agosti binamu wa kwanza alianguka kutoka kwenye farasi, wiki tatu. Kasri zima lilikuwa jeusi tangu maua ya matofaa mpaka matofaa yenyewe. Stribnitz alitembea na kitabu cha matanga kwapani, shati limemlowa, na yule mbwa alikuwa amesahau shingo isiyo na utepe inavyokuwa. Mtemi Hasso aliandika kutoka Brakendorf akiuliza kama hali ya hewa ya Altenrode ina kasoro.

Ikafika Septemba, na ndugu wakagoma kufa. Adelgunde alisoma barua zao kwa hofu: fulani amepona, fulani amezaa, na babu mdogo wa miaka tisini na moja, aliyekuwa tumaini lake kubwa, amenyanyuka kitandani akaomba soseji. Emmerich akapanga siku: tarehe kumi na tatu. Zingebaki siku kumi na sita mpaka Lindenzell, na kitabu hakikuwa na mtu.

"Basi tumpate asiyekuwemo," Adelgunde akasema.

Walpurga alielewa mara moja, na akakaa chini bila kuruhusiwa. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba bibi akishikwa atafungiwa kwenye ngome ile ya msituni ambako mama yake Emmerich alimalizia siku zake akizungumza na bundi. Na yeye Walpurga atachapwa viboko uwanjani na kufukuzwa mjini. Adelgunde alisema anajua, na kwamba Walpurga anaweza kutoka chumbani sasa hivi, asione wala asisikie. Walpurga akafikiri, akauliza marehemu anaitwa nani.

Aliitwa Sidonie Kunigunde wa Treuenhain. Adelgunde aliandika tanzia yake kwa mkono wa kushoto, kama iliyoandikwa na msaidizi wa marehemu mwenye majonzi, akaweka ukingo mweusi na nta nyeusi, wakaichanganya na barua zilizoletwa asubuhi ya tarehe kumi na moja. Sidonie alikufa kwa upole, baada ya ugonjwa mfupi, akiwa na miaka hamsini. Walpurga alitaka afe kwa kuangukiwa na kengele, ila Adelgunde akamkataza kutia chumvi.

Stribnitz aliisoma barua mezani, akafungua kitabu cha nasaba, akafungua tena. Akasema kwa unyenyekevu kwamba hamwoni huyu mtukufu Sidonie. Moyo wa Adelgunde ulikuwa unapiga mpaka akahofia vito vya kifuani vitaonekana vikiruka. Akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno, Emmerich akaingilia. Kutomjua ndugu wa ukoo wa kale kiasi kile, mbele ya watu wake wote wa mezani, kwake ilikuwa aibu isiyobebeka.

"Nani asiyemjua Sidonie?" akasema. "Nilicheza naye dansi Regensburg. Alikuwa na hatua nyepesi sana."

Basi. Adelgunde aliinamisha kichwa na kuuma leso kwa nguvu zake zote, na watu wakamhurumia kwa majonzi yake. Stribnitz alipiga mahesabu akaamua kwamba mtu ambaye hayumo kitabuni hawezi kuwa binamu wa kwanza. Ni wa pili, wiki mbili. Adelgunde akahesabu kwa vidole chini ya meza. Tarehe ishirini na tano matanga yanaanuliwa. Siku nne pungufu.

Na Mtemi, safari hii, hakutaka kusubiri kwao. Alifika mwenyewe Jumapili, tarehe ishirini na nne, na wanasheria wake wawili na ugoro wake, kusudi sahihi itiwe keshokutwa asubuhi. Siku ile Adelgunde hakula chochote mchana kutwa. Alimtazama Ottilie akivishwa, na mtoto yule mwenye mdomo aliuliza tu kama Brakendorf wanaruhusu mtu kufunga mlango wa chumba chake.

Jumapili ndiyo siku ambayo sisi watu wa mjini tuliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba kuwatazama wakubwa wakila. Tulikuwa wengi, kwa ajili ya Mtemi. Walikula mapaja ya bata bukini na maandazi ya viazi, wote wamevaa nyeusi isipokuwa mgeni, na mazungumzo, kama ilivyo adabu ya matanga, yalikuwa ya marehemu. Adelgunde alianza polepole, kwa sauti ya mtu anayekumbuka. Akasema Sidonie alikuwa mzuri ujanani, mzuri wa kusimamisha magari. Wakuu saba walimposa na wote aliwakataa. Ukoo ulinong'ona kwamba alikuwa na mmoja tu moyoni, na kwamba hilo jina ameenda nalo kaburini.

Emmerich akakohoa. Akatengeneza nywele zake za bandia. Akasema ni vigumu kwa mtu mwenye staha kuzungumzia mambo kama hayo, lakini Regensburg, baada ya dansi, alimtazama kwa namna fulani.

Hasso aliacha kutafuna. Alikuwa mtu ambaye hawezi kusikia mwenzake amepigwa na radi bila kusema yeye amepigwa na mbili. Uso ulimwiva.

"Mtukufu Emmerich," akasema, "nasikitika kukuvunja moyo. Mtu huyo nilikuwa mimi."

"Wewe?" Adelgunde akauliza, akiweka mkono kifuani. "Mtemi, kutazamana ni kutazamana. Wengi walimtazama."

"Kutazamana ni kwa watoto. Tulivishana pete."

Adelgunde aligeuza kichwa taratibu mpaka macho yake yakatua kwa mkuu wa itifaki, na Stribnitz, maskini, miezi minne na zaidi akiwa amevaa nyeusi, akawaka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Hilo alikuwa analijua. Hilo lilikuwa kitabuni. Alisimama na kufunua ukurasa bila hata kuutafuta, akausoma wote kwa sauti ya kanisani: mtukufu aliyefiwa na mchumba, hata kama uchumba ulikuwa wa siri, hata kama ulivunjika, atakaa matanga wiki sita kutoka siku alipopata tanzia, na katika muda huo hatatia sahihi mkataba wowote wa ndoa, maana ni kumdhalilisha marehemu na ukoo wake.

Mtemi alisema ilikuwa zamani. Stribnitz akasema kitabu hakina kikomo cha miaka. Mtemi akasema pete yenyewe ilikuwa ndogo. Emmerich, aliyekuwa na donge la kushindwa, alisema kwa ubaridi kwamba kama Mtemi anamwona Sidonie wa Treuenhain kuwa hastahili matanga, basi aseme hivyo hapa, mbele ya watu, na mke wake Adelgunde, mwenye damu hiyohiyo, atalisikia. Hasso alitazama meza, akatazama kamba, akatuona sisi tumejaa pale, zaidi ya mia, midomo wazi. Angeweza kusema amedanganya. Akaomba kitambaa cheusi afunge mkononi.

Aliondoka Jumatatu, amevaa nyeusi mpaka soksi. Ijumaa, siku ya Malaika Mikaeli, gari la Lindenzell likaja saa tatu asubuhi, na Ottilie akavishwa msalaba pale pale ukumbini. Emmerich alisimama akatazama. Alikuwa na kinyongo, ila desturi ilikuwa imefuatwa toka mwanzo hadi mwisho, na mtu yule hakujua jinsi ya kugombana na kitu kilichofuatwa sawasawa. Mama na mwana walikumbatiana mpaka mvishaji akawatenganisha. Gari lilipofika kwenye lango, mkono mwembamba ulitoka dirishani ukaiga, kwa ufasaha mkubwa, mtu mwenye jongo akinusa ugoro. Adelgunde alicheka, kisha akalia, kisha hakujua analifanya lipi.

Novemba, Bwana Stribnitz aliomba kuonana naye faraghani. Alikuwa na barua mkononi. Kwa kutaka kukijaza kitabu chake sawasawa, alikuwa ameandika Treuenhain kuulizia ukoo wa marehemu, na mchungaji wa kule amejibu kwamba Treuenhain ni shamba lenye nyumba nne na zizi, na mtukufu yeyote hajawahi kuzaliwa hapo wala kufa.

Adelgunde alifikiria ile ngome ya msituni, na bundi. Akamfikiria Walpurga uwanjani, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Stribnitz alikuwa ameifikiria barua ile siku tatu. Kama si kweli, basi Mwanamfalme alicheza dansi na hewa, na Mtemi alivisha hewa pete, na yeye, mkuu wa itifaki, aliisomea hewa ukurasa mzima akiwa wima mbele ya mji. Aliisogelea meko, akaitia barua motoni, akakoroga kwa chuma mpaka ikaisha. Akatoa kalamu, akafungua kitabu cha nasaba kwenye nafasi tupu.

"Tarehe ya kuzaliwa, Mtukufu," akasema. "Ili kitabu kisiwe na pengo."

"Nne Machi," Adelgunde akajibu. "Asubuhi. Palikuwa na theluji."

Aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Emmerich ndiye aliyetaka jiwe. Mtemi Hasso alikuwa amesimamisha la kwake kule Brakendorf, la marumaru, na Emmerich hakuweza kulala mpaka amepata kubwa zaidi. Likawekwa kanisani kwetu, upande wa kulia, lenye nembo na malaika wawili, na kila mwaka tarehe ya tanzia kasri zima lilishuka kumwombea Sidonie Kunigunde. Adelgunde hakukosa hata mara moja. Mwaka wa kwanza alienda akiwa tayari kuuma leso, na Walpurga alikuwa amemwonya asimtazame usoni, wasije wakacheka wote wawili. Lakini mchungaji alipoanza kumsifu marehemu, mwanamke mpole, ndugu mwema, Adelgunde alipiga magoti mbele ya lile jiwe na machozi yakamtoka ya kweli, mengi, mpaka mabega yakatikisika.

Emmerich aliona. Kwa mtu ambaye miaka yote haoni, hilo lilikuwa jambo. Aliinama akamnong'oneza, kwa haya kidogo, kama kweli walikuwa karibu kiasi hicho.

"Nina ndugu kumi na watatu, wote wazima," Adelgunde akasema. "Nilipopata shida niliwaandikia mmoja mmoja. Aliyekuja ni huyu."

Emmerich alilitazama jiwe, akampa mkewe leso yake mwenyewe, akasema hilo halimshangazi, ukoo ule wa Treuenhain siku zote ulikuwa wa watu wenye adabu.